Leokadia na Giaboksi ya Beaumont

Kwa miezi mitano ya mwaka 2009, gari la Valerian Mselle halikurudi nyuma. Mbele lilikwenda vizuri tu, tena kwa mngurumo uliotikisa vikombe kabatini, lakini ukiweka rivasi injini ilipiga kelele na gari likabaki palepale kama limesusa. Mtu mwingine angelipeleka kwa fundi. Valerian akabadilisha maisha yake yote yaelekee mbele.

Mimi nilikuwa jirani yao Malvern, mtaa wa Scarborough huku ughaibuni, nyumba tatu tu katikati yetu, na nilisimama pembeni ya mkewe Leokadia kwenye kwaya ya misa ya Kiswahili. Mengi niliyaona kwa macho yangu. Yale nisiyoyaona Leokadia alinisimulia ndani ya basi, kwa sababu hilo gari yeye alikuwa halipandi ila kwa kulazimishwa.

Kwanza nimtetee Valerian. Alifanya kazi Markham, kwenye ofisi ya bima yenye meza sitini zilizofanana, akikagua fomu za watu waliogongana barabarani. Mkubwa wake wa kazi alimwita Valerie, jina la kike, miaka tisa mfululizo, hata kwenye kadi za Krismasi. Kisha, vuli ya mwaka 2008, akanunua kwa mjane mmoja wa Peterborough Beaumont ya mwaka 1969: rangi ya bluu, milango miwili, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane. Liliunganishwa hapahapa Oshawa wakati Valerian ana miaka minne huko Kibosho. Jumatatu ya kwanza alipoingia nalo kazini, watu walishuka na vikombe vyao vya kahawa kulitazama. Kufika Jumatano yule mkubwa alikuwa anatamka Valerian bila kukosea, na kumuuliza habari za wikiendi. Sasa mtu kama huyo umwambie auze gari?

Machi, theluji ilipoisha, akalitoa bandani, na rivasi ikawa imekufa.

Akazoea. Nyumba yao ilikuwa juu ya kimteremko, kwa hiyo asubuhi aliweka fri, gari likateleza lenyewe mpaka barabarani, yeye ameshika usukani kwa heshima kama nahodha. Kanisani tulianza kumkuta amefika saa nzima kabla ya misa ili apate nafasi ya mwisho iliyotazama lango. Tulidhani ameokoka upya. Dukani aliegesha mbali, mahali pa kupita moja kwa moja. Siku moja wakamzibia mbele kwenye duka la samani, akasubiri saa mbili na nusu mwenye gari ajitokeze. Kwa kuona haya kuzurura bure mle ndani, akanunua taa ya kusomea. Wiki iliyofuata ikatokea tena kwenye duka lilelile, akarudi na taa ya pili.

Siri ilivuja kituo cha mafuta. Valerian aliingia vibaya, pua ya gari ikaelekea ukutani, na Leokadia akashuka akiwa na sare yake ya hospitali kulisukuma lirudi nyuma. Bonaventure, mwimba besi wa kwaya yetu, alikuwa kwenye pampu ya pili.

"Shemeji, limezimika?" akauliza.

"Halijazimika," Leokadia akasema huku anasukuma. "Linaunguruma, hulisikii? Tatizo lake halijui kurudi nyuma, kama mwenye nalo."

Jumapili ile kwaya nzima ilikwisha kujua. Valerian, badala ya kunyamaza, akasimama kwenye chai baada ya misa akasema giaboksi ya otomatiki ni kitu chepesi, watu wanaiogopa kwa sababu hawajaifungua, na yeye ataifungua na kuisuka upya kwa mikono yake. Tena harusi ya Tumsifu, binti wa kwaya yetu, ikifika Septemba, bibi harusi atapanda Beaumont. Tumsifu, ambaye hakuwa ameombwa maoni, akapigiwa makofi.

Basi Jumamosi ya kwanza ya Juni akalinyanyua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi nne, akaingia chini na kitabu. Bonaventure na waimba besi wengine wawili walikuja kubeba. Mimi nilikuwa jikoni na Leokadia tunachambua mchicha. Mlango ukafunguka, akaingia Valerian, shati jekundu kuanzia shingoni mpaka mkandani, mikono inadondosha. Nilipiga ukelele. Leokadia alitazama mara moja akarudi kwenye mchicha wake.

"Hiyo si damu," akasema. "Damu haing'ai hivyo. Toka kwenye zulia."

Yalikuwa mafuta ya giaboksi. Kitabu kilimwambia amwage mafuta kabla ya kuishusha, naye alimwaga. Hakusoma ukurasa wa pili, uliosema kwamba lile bakuli kubwa la mbele hubaki limejaa.

Jumatano yake Leokadia akarudi kutoka kazini, akapika chai, akaona juu yake kuna kimng'ao cha rangirangi kama cha dimbwi la gereji. Akamwita mumewe.

"Baba Danielle, umeosha nini kwenye mashine yangu ya vyombo?"

"Vitu vidogo tu."

"Vidogo kama nini?"

"Kama ngoma."

"Ngoma?"

"Ngoma za ndani ya giaboksi. Mbili. Na pistoni. Lakini nilizipanga rafu ya chini, Mama Danielle, mbali na vikombe."

Leokadia akaiacha chai akaenda bandani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu gari linunuliwe. Hapo lazima nieleze kazi yake. Leokadia alifanya kazi kwenye hospitali moja ya North York, chini kabisa ya jengo, chumba kisicho na dirisha, wanakosafisha vifaa vya upasuaji. Sinia moja la kubadilisha goti lina vifaa zaidi ya mia, na yeye alijua kila kimoja jina lake na mahali pake. Koleo moja likikosekana sinia halitoki. Alifanya hivyo miaka kumi na minne. Nyumbani kwake huwezi kuweka kijiko upande wa uma.

Sasa mwanamke huyo akafungua mlango wa banda. Springi zilikuwa ndani ya mikebe ya keki. Vishafti na pete vimelala juu ya gazeti lililolowa. Vigololi vinne vya chuma, vidogo kama punje za mahindi, vilikuwa ndani ya kinu chake cha kutwangia vitunguu saumu. Sahani za klachi amezirundika bila mpangilio, na juu ya rundo kuna nusu ya sambusa.

"Mgonjwa huyu," akasema polepole, "angekuwa ameshakufa."

Hakutaka kutengeneza giaboksi, aliniapia hivyo ndani ya basi. Alitaka kupanga tu, maana asingeweza kulala akijua kuna vitu vya namna ile chini ya paa lake. Akaleta meza mbili za kukunja za ubatizo wa Danielle, akatandika vitambaa vyeupe, akapanga masinia. Kila kipande kikaoshwa, kikapigwa picha, kikafungwa karatasi yenye namba na siku. Akatoa amri kwamba hakuna kula bandani, na kila anayeingia avae kofia ya nywele. Bonaventure alikuja kuangalia kazi inaendeleaje akapewa kofia yake mlangoni, naye ana upara.

Tatizo lilibaki moja: katika wote hakuna aliyejua vipande vile vinafanya nini. Aliyejua alikuwa upande wa pili wa uzio.

Mzee Diogo alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Alifanya kazi ya kusuka giaboksi miaka thelathini na moja hapa Scarborough. Siku aliyostaafu, mkewe Anita alitupa maovaroli yote na kumwapisha mbele ya picha ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri kwamba hatagusa mafuta ya gari tena maisha yake yote. Mzee aliapa. Lakini hakuapa kutotazama. Tangu Juni kiti chake kilikuwa kimesogezwa mpaka kwenye uzio, na mkononi alishika kijiti kirefu cha kuegemezea nyanya, cha kuonyeshea.

"Shikamoo, Mzee Diogo," Leokadia akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Niletee ile pistoni ya nyuma kabisa. Usinipe! Ishike wewe, igeuzie huku."

Leokadia akaigeuza. Mzee akaigusa pembeni kwa ncha ya kijiti.

"Umeiona sili? Huu mpira?"

Leokadia akaubonyeza kwa kidole. Haukubonyea. Ulikuwa mgumu kama ganda la ndizi lililosahaulika juani.

"Basi ndiyo rivasi yenu hiyo," mzee akasema. "Mafuta yakija kwa nguvu yanaisukuma pistoni, pistoni inazibana sahani, gari linarudi. Sili ikikauka mafuta yanapita pembeni. Miaka arobaini, mwanangu. Hata mimi nimekauka."

Wakaagiza sili mpya na sahani mpya kwa Dilawar, mwenye duka la vipuri Scarborough. Leokadia akaziingiza kwenye masinia, namba kwa namba. Siku mzee alipomwelekeza Valerian kukandamiza springi, pete ya kubana ikachomoka, ikapaa juu ya uzio, ikakata nyanya moja ya Anita vipande viwili. Anita akaileta yeye mwenyewe, ameishika kwa kitambaa cha mezani kama panya aliyekufa, na kuanzia hapo akawa anatoka na kamera yake ili akitaka kushtaki awe na ushahidi.

Sasa Agosti ikafika. Giaboksi iko mezani, safi kuliko sahani zetu, na Valerian akasema: kuisuka ni kazi yangu. Leokadia hakubisha. Mume alikuwa ameshasema mbele ya kwaya. Akamwomba jambo moja tu: asiharakishe, na Jumamosi asiliwashe gari mpaka yeye atoke zamu.

Valerian akaisuka Alhamisi na Ijumaa, Leokadia yuko kazini.

"Umeipima kwa hewa?" Mzee Diogo akauliza kutoka kitini.

"Bado, mzee. Kompresa iko kwa Bonaventure."

"Ipime kabla hujaipandisha. Unapuliza hewa kwenye kila tundu, unaisikia pistoni inagonga. Isipogonga, kuna sili imechanika. Midomo ya zile sili ni laini sana, ukiisukuma kwa haraka inakatika na huoni."

"Nitaipima, mzee."

Hakuipima. Jumamosi asubuhi waimba besi wakaipandisha garini, na saa nane mchana sisi wengine tukafika kama tulivyoalikwa. Palikuwa na soda, karanga, na Anita na kamera yake. Tumsifu alikuja na mchumba wake kuona gari lake la harusi. Mzee Diogo akauliza kwa sauti kama hewa imepulizwa, lakini injini ilikuwa imeshawaka.

Valerian akashusha kioo. Akaweka rivasi.

Beaumont likarudi nyuma. Jamani, lilirudi nyuma kwa upole na enzi kama malkia anayetoka mbele ya watu! Tukapiga vigelegele. Bonaventure akaanzisha wimbo. Gari likashuka kimteremko, likakunja mkia, likakaa katikati ya barabara likiwa linang'aa. Valerian akatupungia mkono, akaweka gia ya mbele, akakanyaga mafuta.

Injini ikanguruma, gari halikusogea. Akatoa, akaweka tena. Akakanyaga zaidi, ndege wakaruka kwenye waya. Wimbo wa Bonaventure ukafifia wenyewe.

"Inapasha joto," Valerian akatuambia dirishani.

Wakati huohuo likatokea gari la kuuza aiskrimu, muziki wake unalia tiri-liri-liri, likasimama mbele ya Beaumont pua kwa pua. Upande wa pili wa barabara jirani alikuwa anashusha sofa kutoka kwenye lori. Pa kupita hapakuwepo. Mwenye aiskrimu akapiga honi. Tukajaribu kulisukuma Beaumont kurudi bandani, lakini kile kimteremko kilichomsaidia Valerian miezi mitano sasa kilimkataa. Besi watatu walisukuma mpaka mmoja akashikwa na kiuno.

Valerian akatutazama, akaitazama nyumba yake iliyokuwa hatua kumi tu. Halafu akafanya uamuzi. Akageuza shingo nyuma, akaweka rivasi, akaanza kuzunguka mtaa mzima kinyumenyume.

Sisi tukatembea pembeni, tungemwachaje? Kwaya ikatangulia mbele, yaani nyuma, kusimamisha magari kwenye kona. Gari la aiskrimu lilikuwa linaelekea hukohuko, kwa hiyo lilimfuata pua kwa pua njia nzima, muziki haukuzimwa, na watoto wa kila nyumba wakatoka na kufuatana nalo. Kwenye kona ya tatu palikuwa na kituo cha basi. Basi likasimama, akashuka Leokadia na mkoba wake wa chakula.

Akamwona mumewe anakuja kisogo mbele. Akasubiri amfikie.

"Baba Danielle, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Si ndiko unakotoka?"

"Ndiyo," Valerian akasema, jasho linamtiririka. "Narudi."

Leokadia akaliangalia gari la aiskrimu, akatuangalia sisi. Nilitegemea atafoka. Akauliza kitu kimoja.

"Ulipuliza hewa?"

Valerian akajifanya anatazama kona. Leokadia akafungua mlango, akakaa kiti cha pembeni, akaweka mkoba mapajani, na wakaendelea kinyumenyume wote wawili mpaka wakaingia kwao.

Ile filamu Anita alimtumia dada yake Mississauga, dada akawatumia Wagoa wote wa Tanga walioko duniani, na Jumatatu ikafika Ottawa kwa Danielle, binti yao aliyekuwa chuoni. Akapiga simu. Baba yake alimsemesha Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiingereza kama siku zote, isipokuwa neno moja alilolitamka kwa Kiswahili safi kabisa: kinyumenyume. Alilitamka mara nne.

Leokadia akaomba likizo ya wiki moja. Akaishusha giaboksi pamoja na besi wawili waliobaki na viuno, akaifungua bila kitabu, maana mpangilio ulikuwa kichwani. Kwenye ngoma ya gia za mbele akatoa pistoni, akapitisha kidole kwenye mdomo wa sili, polepole, kama wanavyokagua makali ya mkasi. Akasimama mahali pamoja. Palikuwa na mkato mdogo kama alama ya ukucha. Akamwita mumewe amwonyeshe.

Valerian akavaa miwani.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Miezi yote hii, watu wote wale, barabara nzima, ni hiyo tu?"

"Ndiyo, Baba Danielle."

Valerian akakaa juu ya ndoo. Akasema ofisini ameshawaambia atalitengeneza mwenyewe, na mkubwa wake atauliza, tena kwa jina lake sahihi. Leokadia alinisimulia kwamba alikuwa ametayarisha maneno makali tangu Jumamosi, mengine kwa Kichaga, lakini alipomwona kwenye ndoo na ile kofia ya nywele yakamwisha. Akampa kitambaa. Akamwambia, "Shika taa. Usiguse kitu. Shika taa tu."

Akakata kipande chembamba cha plastiki kwenye kifuniko cha mtindi, akakipaka mafuta, akakitumia kuulaza mdomo wa sili mpya kidogo kidogo, akizungusha, mpaka pistoni ikazama yenyewe. Ikamchukua dakika arobaini. Kisha kompresa ikaletwa, na wakaiweka giaboksi kwenye meza karibu na uzio ili Mzee Diogo asikie. Leokadia akapuliza tundu la kwanza. Ndani kukagonga: kop. La pili, kop. La tatu, kop, zito, lililoshiba. La nne lilipogonga mzee alikuwa ameshasimama, kijiti kimemwanguka, mkono umepita juu ya uzio, na kidole kimoja, kimoja tu, kimeligusa ganda la giaboksi.

"Diogo!" Anita akaita dirishani.

"Nilikuwa naanguka!" mzee akajibu.

Tarehe kumi na mbili Septemba Tumsifu alipanda Beaumont. Lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likabadilisha gia bila kushtua, na mtu asiyejua habari zake angedhani ni gari tu.

Ukumbini Valerian alikuwa meza ya wanaume, tai imelegea, anasimulia. Alisema "tulivyoona sili" na "tulipopuliza", na Leokadia, aliyekuwa meza ya pili nami, alimwacha aseme. Lakini palikuwa na Pascal, Mkongo wa Ajax, mwenye lori dogo la zamani lenye giaboksi ya namna ileile, naye aliuliza swali la kweli: ngoma ya mbele inaingia sahani ngapi, na ile sahani ya mgongo wa mawimbi inatangulia au inafuata?

Valerian akageuza shingo. Akapaza sauti.

"Mama Danielle!"

"Tano," Leokadia akasema, hakuinua macho kwenye pilau. "Ya mawimbi inatangulia. Na uziloweke kwenye mafuta kwanza."

Pascal akachukua sahani yake ya chakula, akainuka, akahamia meza yetu. Kabla keki haijakatwa walikuwa wameshahamia watatu.

Leokadia hakuacha kazi ya hospitali. Lakini kati ya mwaka huo na 2016 alisuka giaboksi kumi na moja, za watu wa kwaya, za Wagoa wa Anita, na moja ya mkubwa wa ofisi ya Markham. Alizifanya majira ya joto tu, kwa zamu, na hakuharakishwa na mtu. Simu alipokea Valerian. Watu walipoanza kumweleza ugonjwa wa gari, aliwasikiliza mpaka mwisho, akiguna mahali pa kuguna kama daktari, na kuandika yote kwa mwandiko wake mzuri wa bima. Kisha alisema fundi yuko zamu, atapewa taarifa, na wao waje na gari Jumamosi, na wasile chochote bandani.